Wote wanasema ni mpango wa Mungu, lakini usukani niliushika mimi

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili, na nimekulia kanisani. Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia, na bado ndiyo hiyo hiyo inayonipa usingizi. Ndiyo maana nakuandikia.

Mwaka jana nilipata ajali ya gari nikiwa na mdogo wangu. Yeye alifia palepale, mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Tulikuwa tunarudi nyumbani jioni, giza ndiyo kwanza linaingia, na dereva nilikuwa mimi. Maelezo niliyoandikisha polisi, na ambayo familia nzima inayajua, ni kwamba gari lilinishinda kwenye kona kwa sababu ya mchanga barabarani. Mchanga ulikuwepo kweli, ila si mchanga uliomuua ndugu yangu. Simu yangu ilikuwa pajani. Ujumbe uliingia, nikainamisha macho kuusoma. Nakumbuka mwanga wa simu ulivyomulika usukani kwa chini. Nilipoinua kichwa, barabara ilikuwa imeshakata kulia na sisi bado tunakwenda moja kwa moja.

Katika safari hiyo mdogo wangu alikuwa ameniambia mara mbili, "Kaka, iweke hiyo simu." Mara ya pili alisema huku anacheka. Hayo hakuna anayeyajua ila mimi.

Msibani kila aliyenishika mkono alisema neno lile lile: kazi ya Mungu haina makosa, siku yake ilikuwa imefika. Mama alikuwa hali wala halali, mpaka siku ya tatu aliposema mwenyewe, kwa sauti, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Nikaona mabega yake yanashuka. Tangu hapo amepata pa kuegemea, nami namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa, kanisani tuna kikundi cha kujifunza Biblia, na miezi hii tumekuwa kwenye Warumi sura ya 8 na ya 9. Kiongozi wetu ni mtu msomaji. Anafundisha kwamba Mungu aliamuru yote yatokeayo kabla ya kuumbwa ulimwengu, na akatusomea Ungamo la Westminster, tamko la imani la kale, kuthibitisha. Mshauri, nilitoka pale kama mtu aliyetuliwa gunia. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu ajali. Siku ya tatu gunia likarudi, na safari hii lilikuwa zito zaidi. Maana kama Mungu aliamua tangu milele kwamba ndugu yangu afe kwenye kona ile, basi mimi nilikuwa msumari tu mkononi mwa seremala. Mbona basi najisikia muuaji? Na kama kweli nina hatia, basi haukuwa mpango wa Mungu, na mama yangu ameegemea uongo.

Nina rafiki anayesali kanisa jingine. Yeye hataki kabisa kusikia habari za kuchaguliwa tangu asili, yaani kwamba Mungu alishaamua tangu mwanzo nani ataokoka. Anasema Mungu amempa mwanadamu hiari, na ajali nyingi ni uzembe wa dereva, tuache kumsingizia Mungu. Hajui habari za simu, anasema tu kwa ujumla. Nakubaliana naye, kisha nabaki peke yangu na kile kifo. Siwezi.

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alikuja nyumbani. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Akaniuliza, "Shemeji, hebu niambie. Ilikuwaje?" Nikamjibu, "Shemeji, ni mpango wa Mungu." Akaniangalia kitambo, akasema, "Hilo nalijua. Nimeuliza ilikuwaje." Nikasingizia simu inaita, nikatoka nje.

Mtoto wao wa kiume ana miaka saba. Jumapili alinishika mkono tukitoka ibadani, akaniuliza, "Baba mkubwa, Mungu alikuwa na shida gani na baba?" Sikuwa na jibu.

Mchungaji ameniomba mwezi ujao nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoniokoa kwenye ile ajali. Nimekubali. Kuna siku natamani ningekufa mimi, ushuhuda akautoe yeye.

Naomba unisaidie. Je, ni Mungu au ni mimi? Na je, nimwambie shemeji? Jambo moja nimeliacha mpaka mwisho. Ule ujumbe ulitoka kwake. Alikuwa anauliza, "Mmefika wapi?" Simu ile kioo kimepasuka lakini bado inawaka, nimeifungia kwenye droo. Ujumbe haujajibiwa mpaka leo. Hata mke wangu hajui.

Niliyeshika Usukani

MAJIBU YA MSHAURI

Ndugu yangu,

Pole. Pole ya msiba, na pole ya kuishi nao mwaka mzima ukiwa na neno ambalo huwezi kulitoa kinywani.

Nianze na sentensi yako kuhusu kutamani ungekufa wewe. Waliobaki hai mara nyingi husema hivyo, na mara nyingi ni huzuni inayosema. Lakini sikuoni usoni, siwezi kupima. Kama mawazo hayo yanakuja mara kwa mara, au yameanza kuwa na mahali na saa, acha kusoma hapa umwamshe mkeo sasa hivi, au uende kwa daktari leo. Mengine yote yatakusubiri.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale shemeji yako aliposema, "Hilo nalijua. Nimeuliza ilikuwaje." Nadhani mama huyo amekuonyesha fundo liko wapi. Una maswali mawili uliyoyafunga kamba moja. La kwanza ni kama Mungu alikusudia. La pili ni nini kilitokea ndani ya gari. Unatumaini kwamba jibu la lile la kwanza likiwa zuri vya kutosha, la pili halitaulizwa tena. Sikulaumu kwa hilo. Gunia likichubua bega, mtu huangalia popote pa kulitua.

Lakini angalia ulivyouliza: ni Mungu au ni mimi? Neno "au" umeliweka wewe. Wakristo wamebishana juu ya jambo hili kwa takriban miaka 1,600, tena kwa ukali wa kutisha, na katika wote niliowasoma ni wachache mno waliolikubali hilo "au". Petro, katika Matendo 2:23, anawaambia watu wa Yerusalemu kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi, kwamba ninyi mkamsulubisha. Hakuona kwamba nusu moja inaifuta nyingine.

Kiongozi wa kikundi chenu hakukosea kuwasomea Westminster. Ni hati nzito, iliyoandikwa Uingereza na kukamilika mwaka 1646, na makanisa mengi yenye mizizi kwa Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, yameifuata. Ila ninahisi uliposikia nusu ya kwanza ulikuwa umeshalala. Ile sentensi inaendelea. Inasema Mungu ameamuru yote yatokeayo, lakini kwa namna ambayo yeye si mwanzilishi wa dhambi, wala nia za viumbe hazilazimishwi, wala uhuru wa zile zinazoitwa sababu za pili hauondolewi, bali unathibitishwa. Sababu za pili ni wewe, ni simu, ni mchanga. Unaweza kusema maelezo hayo hayatoshi, na wengi wamesema hivyo, kwamba hapo wameshika ncha mbili za kamba bila kutuonyesha katikati. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona hiyo katikati. Lakini msumari haumo katika sentensi ile. Msumari hauambiwi, "Kaka, iweke hiyo simu."

Jambo lako si geni, na hili huwa linanifariji. Karibu mwaka 427, katika nyumba ya watawa ya Hadrumetum, kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Tunisia, walisoma maandiko ya askofu Augustino wa Hippo kuhusu neema. Wakaelewa kwamba hata kutaka mema ni zawadi ya Mungu. Kukawa na fujo. Hoja iliyomfikia Augustino ilikuwa hii: kama ni hivyo, wakubwa wetu wasitukemee tunapokosa, watuombee tu, kwa sababu kama Mungu hajatupa kutenda mema, kosa letu liko wapi? Unaisikia sauti yako humo? Augustino, ambaye kuliko mtu yeyote wa wakati wake aliipanua nafasi ya Mungu katika wokovu, angeweza kuwaambia ndiyo. Badala yake aliwaandikia kitabu kizima juu ya kukemea na neema. Aliwaambia, kwa maneno yangu, kwamba kosa ni lako hata kama kupona kwako ni zawadi, na kwamba kutotaka kuambiwa kosa lako ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Maombi na karipio havigombani, kwa kuwa Mungu anaweza kulifanya hilo hilo karipio liwe mlango wa neema.

Rafiki yako wa kanisa jingine naye ana ukoo mrefu nyuma yake. Mwaka 1739 John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, alihubiri vikali kwamba fundisho la kuchaguliwa tangu asili linamfanya Mungu kuwa mbaya kuliko shetani, na swahiba wake wa utumishi, George Whitefield, akamjibu kwa barua ya hadharani. Ila ukimsoma Wesley hutamkuta Mungu aliyekaa pembeni akikuachia kifo chote ukibebe mwenyewe. Kwake, hata ile hiari ya kuitikia imerudishwa na neema iliyotangulia. Kwa hiyo huko nako hukuachwa peke yako, hata kama rafiki yako hakufika kwenye ukurasa huo. Na wale wawili, pamoja na yote waliyoandikiana, Whitefield alipofariki mwaka 1770 aliyehubiri London kwenye ibada ya kumkumbuka alikuwa Wesley.

Usitarajie mimi nikuamulie nani kati yao yuko sahihi. Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya Kikatoliki, walibishana jambo hili hili mbele ya mapapa kwa karibu miaka kumi, na mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akawaambia warudi makwao, wala upande mmoja usiuite mwingine wazushi. Hakutoa hukumu. Nikikumbuka hilo huwa natabasamu kidogo, kisha najihesabu niliyeruhusiwa kunyamaza.

Utasema, lakini Mungu alijua tangu nilipochukua ufunguo wa gari. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, alilijibu hilo akiwa kifungoni akisubiri kuuawa, kwenye miaka ya 520. Alisema kumwona mtu akitembea hakuisukumi miguu yake, na Mungu huona yote kama sasa moja isiyopita. Ni jibu zuri kwa swali la kulazimishwa. Kwa swali la mwana wa mdogo wako halitoshi hata kidogo. Mtoto hakuuliza kama Mungu alijua. Ameuliza Mungu alikuwa na shida gani. Mwenye kuona na mwenye uwezo wa kuzuia, mbona hakuzuia? Hapo hoja zote nilizokutajia huishiwa pumzi, na sitakuficha. Ila mtoto huyo hakulitunga swali lake kutoka hewani. Amejengewa na sisi watu wazima, tuliomwambia Mungu amemchukua baba yake na tukaacha mengine yote bila kuyasema.

Hata lugha yetu imetukoroga kidogo. Neno "ajali" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni muda uliopangwa, saa ya mtu kufa. Leo ndilo hilo hilo tunaloandikia ripoti ya magari yaliyogongana. Ukisema "ilikuwa ajali", mmoja anasikia kwamba siku yake ilifika, mwingine anasikia kwamba hukukusudia. Wewe umekuwa ukisema la pili huku ukijificha kwenye la kwanza.

Sasa nikupeleke mahali ambapo sidhani kikundi chenu kimefika, kwenye sheria za Musa. Kutoka 21:13 inamzungumzia mtu aliyeua bila kuvizia, na inasema wazi kwamba ni Mungu aliyemtia yule mtu mkononi mwake. Maneno makubwa hayo, kiongozi wenu angeyapenda. Lakini haimwambii muuaji aende nyumbani akapumzike. Inamwambia kuna mahali pa kukimbilia. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inatoa mfano: watu wawili wanakata kuni msituni, chuma cha shoka kinachomoka kwenye mpini, kinampiga mwenzake, anakufa. Huyo si muuaji wa kukusudia, wala hachukuliwi kama hakuna kilichotokea. Ilitengwa miji sita kwa ajili ya watu kama yeye, naye angekaa humo mpaka kifo cha kuhani mkuu. Kisha, katika sura ile ile ya Kutoka 21, kuna ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Akiua mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe ameshaonywa, asimfunge, hesabu ni nyingine kabisa.

Wewe uko mahali fulani kati ya shoka na ng'ombe. Hukukusudia, na ulionywa mara mbili. Nimejaribu kukuweka karibu zaidi na mmoja wao, nimeshindwa, na pengine si kazi yangu. Ila neno "muuaji" ulilojiita halina shoka wala ng'ombe ndani yake. Ni pana mno kwa kilichotokea, na neno "msumari" nalo ni jembamba mno. Umekuwa ukiruka kutoka moja kwenda jingine kila siku tatu. Jaribu, hata mara moja tu, kusema jambo lenyewe kwa ukubwa wake: nilionywa, nikasoma ujumbe nikiendesha, ndugu yangu akafa, sikutaka afe.

Hilo la kulisema si wazo langu. Ukisoma Yoshua 20:4 utaona kwamba aliyekimbilia mji wa makimbilio alisimama kwanza langoni akaeleza habari yake masikioni mwa wazee wa mji. Ndipo akapewa mahali pa kukaa.

Na mama yako? Umeandika kwamba ikiwa una hatia basi ameegemea uongo. Nadhani hapo unamdharau kidogo, bila kukusudia. Maneno aliyoyashika ni ya Ayubu. Rudi uone Ayubu aliyasema lini. Walikuja wajumbe wanne, mmoja baada ya mwingine, wakamweleza kila kitu: nani waliteka ng'ombe, nani waliwachukua ngamia, upepo ulivyozipiga pembe nne za nyumba walimokuwa watoto wake. Alipokwisha kujua ilikuwaje, ndipo akasema Bwana alitoa. Kwa hiyo imani ile inaweza kuuvumilia ukweli. Sikuahidi kwamba ya mama yako itauvumilia kirahisi. Inaweza kutikisika vibaya, na anaweza kukukasirikia miezi mingi.

Tena kuna jambo moja sijaacha kulifikiria tangu barua yako ifike. Yusufu ndiye aliyesema, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Aliyesema ni yule aliyetupwa shimoni. Ndugu zake hawakuthubutu. Wao, katika sura hiyo hiyo ya mwisho ya Mwanzo, waliomba msamaha. Ayubu naye alisema juu ya watoto wake mwenyewe. Sentensi hii, ikitoka kwa aliyepoteza, inaweza kuwa imani kubwa kuliko zote. Ulipomwambia shemeji yako, ulikuwa unamsemea maneno ambayo labda yangekuwa yake kuyasema, wakati wake ukifika, na ukayatumia kufunga mlango. Nadhani alihisi.

Tuangalie njia ulizonazo. Unaweza kunyamaza. Wapo watu wema walioamua kuubeba ukweli wenyewe ili wasimuumize mwingine, na sitasema kila mmoja wao alikosea. Lakini kunyamaza kwako hakukai kimya. Kunadai ushuhuda mwezi ujao, kunadai jibu kwa mtoto, na kutadai kingine kesho kutwa. Kwa ushuhuda naweza kukuambia la moja kwa moja: mwombe mchungaji ausogeze. Huhitaji kutoa sababu, "sijawa tayari" ni sababu tosha. Kusimama mbele ya watu ukasema mchanga, baada ya kuniandikia haya, kutakuumiza kuliko unavyodhani.

Unaweza kumwambia shemeji yako yote. Kabla hujafanya hivyo, jiulize kwa uaminifu nani atapumua baada ya mazungumzo hayo. Kukiri kunaweza kuwa kumtua mwenzio gunia, na kunaweza pia kuwa kumtwisha. Anaweza kuvunjika. Anaweza kukuzuia usiwaone wale watoto. Na kwa kuwa kuna maelezo uliyoandikisha polisi ambayo hayakukamilika, ukweli ukitoka unaweza kufika mbele ya sheria. Ongea na wakili kwanza, ujue unaingia wapi. Kumwona wakili si kukwepa. Hata yule wa langoni alijua anakwenda kusema mbele ya nani.

Au unaweza kuanza na mtu mmoja asiye shemeji yako. Mkeo, au mchungaji ikiwa unamwamini kwa siri. Mtu ambaye utamwambia "ilikuwaje" bila kutanguliza Mungu kama ngao, kisha umsikilize atakavyonyamaza. Ukiniuliza ningeanzia wapi mimi, ningeanzia hapo, ila mkeo unamjua wewe.

Najua kinachokuzuia zaidi ni ule ujumbe. Unaogopa shemeji yako akijua, atasema yeye ndiye aliyemuua mumewe. Anaweza kusema hivyo. Lakini sikiliza moyo wako unavyomjibu tayari: hapana shemeji, wewe uliuliza tu tumefika wapi, kusoma nilisoma mimi. Ujumbe wake ulikuwamo katika mlolongo wa yaliyotokea, na wewe unaona kabisa kwamba kuwamo si sawa na kuwajibika. Kwa hiyo kile ambacho wanazuoni wamekigombania miaka yote hiyo, kwa ajili yake unakielewa bila shida. Kwa ajili yako tu ndiyo kinakuwa kigumu.

Halafu kuna hili, nami nalisema kwa tahadhari kwa sababu simjui. Umeandika habari za simu yako kwenye droo kana kwamba ndiyo pekee yenye ujumbe ule. Ujumbe uko kwenye simu mbili. Kwenye yake kuna dakika alipoutuma, na huenda kuna alama inayoonyesha kwamba uliufungua. Saa ya ajali aliambiwa na polisi kama mlivyoambiwa wote. Yaweza kuwa hajawahi kuviweka viwili hivyo pamoja. Na yaweza kuwa alikuja kukaa sebuleni kwako, akasubiri mbaki wawili tu, akauliza swali ambalo jibu lake amekuwa nalo mkononi mwaka mzima, na kwamba gunia unaloogopa kumtwisha analo tayari, analibeba peke yake, bila mtu wa kumwambia yale ambayo wewe ungemwambia.

Simu usiitupe, wala usifute kitu. Na kabla hujaamua useme nini, jiulize yeye ameufungua ujumbe ule mara ngapi.